Hampi, India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka napokea maswali yaleyale kuhusu Hampi kutoka kwa wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki walioko Bengaluru na Hyderabad, kwa ndugu waliosindikiza mgonjwa na sasa wamebakiwa na siku chache, na kwa watu wa nyumbani wanaotaka kuiona India nje ya hospitali na maduka. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomkuta mtu mmojammoja.

## Kuijua Hampi

Hampi ni mji, kijiji au magofu?

Ni vyote vitatu. Leo ni kijiji kidogo kando ya mto Tungabhadra, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Zamani hapo palikuwa moyo wa Vijayanagara, makao makuu ya dola iliyotawala sehemu kubwa ya kusini mwa India. Dola hiyo ilianzishwa mwaka 1336 na ndugu wawili, Harihara na Bukka, na ikafika kileleni chini ya Krishnadevaraya, aliyetawala kati ya 1509 na 1529. Mreno Domingo Paes aliyefika zama hizo aliandika kwamba mji ulimwonekea mkubwa kama Roma.

Januari 1565 masultani wa Kiislamu wa Dekani, uwanda wa juu wa kusini mwa India, waliungana wakaishinda Vijayanagara katika vita vya Talikota. Rama Raya, aliyekuwa na madaraka yote mkononi, aliuawa. Mji uliporwa kwa miezi kadhaa na haukuinuka tena. Kilichobaki kimetapakaa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 40, na tangu 1986 kimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Yale mawe makubwa yaliyopandana, nani aliyapanga?

Hakuna aliyeyapanga, ingawa ukiyaona mara ya kwanza hutaamini. Ni matale (graniti) yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.5. Mwamba ulipasuka ukiwa bado chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kulainisha pembe, kisha kwa muda mrefu udongo ukaoshwa na mvua, mawe ya duara yakabaki yamekaa palepale yalipozaliwa, moja juu ya jingine. Mtu wa Mwanza hahitaji maelezo marefu, maana mawe ya Ziwa Victoria yalifanyika kwa njia hiyohiyo.

Wenyeji wana maelezo yao. Kwao hapa ni Kishkindha, nchi ya nyani katika Ramayana, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, na kilima cha Anjanadri ng'ambo ya mto ndipo alipozaliwa Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani. Mawe, wanasema, yalirushwa na majeshi ya nyani yalipokuwa yakipigana. Ukiwa huko sikiliza maelezo yote mawili, kwa sababu mahekalu mengi yalijengwa pale yalipo kutokana na hili la pili.

Nikaone majengo ya kale au nikakwee mawe? Nina muda wa kimoja tu.

Hili huulizwa kuliko yote, na najibu kwa msisitizo: usivitenganishe. Tembea popote Hampi utaona mwamba wenye mstari wa vitundu vya mraba vilivyochongwa kwa mpangilio, kama mshono. Ni alama za mafundi. Walitoboa matundu, wakapigilia kabari ili jiwe lipasuke kwa kufuata mstari. Mengine waliyaacha nusu. Jiwe ulilolikalia ukipumzika lingeweza kuwa nguzo ya hekalu. Kuta za mji nazo huanzia kwenye mwamba na kuishia kwenye mwamba, kwa kuwa wajenzi waliviachia vilima vifanye nusu ya kazi ya ulinzi. Anayepanda kilima cha Matanga kwa miguu yake ataielewa Vijayanagara kuliko anayeshushwa na basi mlangoni pa kila jengo.

Siku ngapi zinatosha?

Lala usiku tatu. Mbili zinawezekana ukikaza mwendo. Safari ya siku moja ya kushuka treni asubuhi na kurudi jioni siishauri kabisa, kwa sababu saa nzuri za Hampi ni mbili za alfajiri na mbili za magharibi, na msafiri wa siku moja huzikosa zote akabaki na jua la mchana.

Niende mwezi gani?

Novemba hadi Februari. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40 na mawe hukaa na moto mpaka usiku. Mvua huanza Juni na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Nchi huwa ya kijani na nzuri sana, lakini mto unaweza kukufungia njia (tazama swali la mto kujaa, mwishoni).

## Kufika na kulala

Natokea Dar es Salaam au Nairobi. Nianzie wapi?

Anza na karatasi. Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba viza ya kielektroniki, na maombi hufanywa kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe. Tovuti za kuigiza ni nyingi na zinatoza zaidi, kwa hiyo soma anwani herufi kwa herufi.

Cha pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kisiachwe nyumbani. India hukidai kwa abiria wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yake, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanja jana yake hakusaidii.

Zipo ndege za moja kwa moja kwenda Mumbai kutoka miji hii miwili. Kutoka Mumbai unaunganisha kwenda Bengaluru, Hyderabad, Goa au Hubballi, kisha unamalizia kwa treni au gari.

Na kutoka Bengaluru?

Ni kama kilomita 350. Njia ninayoipenda ni treni ya usiku, Hampi Express: inaondoka Bengaluru usiku, asubuhi uko Hosapete, mji wenye stesheni ya karibu. Kutoka hapo hadi Hampi ni kama kilomita 13 kwa basi la jimbo au kwa bajaji. Ndiyo, bajaji ileile, hapa ndiko kwao.

Chukua daraja la kulala lenye kiyoyozi kama mfuko unaruhusu. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za wikiendi huisha mapema. Ukikosa, mabasi ya kulala yapo kila usiku.

Tiketi yangu inasema 22:00. Ni saa ngapi kwa saa zetu?

Saa nne usiku. Usicheke, watu wameachwa na treni kwa hili. India wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hivyo nusu hiyo nayo huwachanganya wanaopiga simu nyumbani. Hatari kubwa ni treni ya 00:15: tarehe iliyoandikwa ni ya siku mpya. Ikisema tarehe 14, unatakiwa stesheni usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani tarehe 13 baada ya chakula cha jioni.

Nilale upande gani wa mto?

Kusini, jirani na hekalu la Virupaksha, utakuwa na nyumba za wageni za kifamilia na utatoka mlangoni ukiwa tayari ndani ya historia. Kaskazini, upande wa Anegundi na Sanapur, kuna mashamba ya mpunga, utulivu na wakweaji mawe. Ukisoma maelezo ya zamani yanayosifia Virupapur Gaddi, au "Kisiwa cha Mahipi", jua kwamba nyumba za wageni pale zilibomolewa mwaka 2020 baada ya Mahakama ya Juu ya India kuamua zilijengwa kinyume cha sheria katika eneo la urithi. Wanaotaka hoteli kubwa, lifti na nyama mezani hulala Hosapete.

## Majengo ya kale

Kiingilio ni kiasi gani?

Sehemu kubwa ya Hampi ni bure. Tiketi inahitajika kwa hekalu la Vittala na kwa boma la wanawake wa kifalme lenye Lotus Mahal na mazizi ya tembo. Bei imekuwa rupia 600 kwa mgeni na 40 kwa raia wa India. Tiketi moja inatumika sehemu zote mbili kwa siku hiyohiyo, basi zipange siku moja, Vittala kwanza asubuhi.

Nina siku mbili. Kipi nisikose?

Nitakuambia ninavyofanya mimi. Siku ya kwanza naanza Virupaksha, hekalu ambalo ibada yake haikukoma hata mji ulipoangamia. Mnara wa lango lake una urefu wa karibu mita 50. Nyuma ya hekalu kuna chumba chenye kitundu ukutani, na kivuli cha mnara mzima hupita katika kitundu hicho kikatua ukutani kichwa chini, miguu juu. Ni kanuni ileile ya kamera. Mwombe mtu wa hekaluni akuonyeshe.

Kisha natembea kando ya mto hadi Vittala, kama kilomita mbili, nikipita soko la kale lenye nguzo pande zote mbili. Gari la mawe, hekalu dogo lililojengwa kwa umbo la gari la kukokotwa, liko hapo uani. Wengi huliona kabla ya kufika bila kujua, maana limechorwa nyuma ya noti ya rupia 50. Jioni ni kilima cha Hemakuta, juu ya mwamba tambarare, jua likizama.

Siku ya pili ni ya jumba la kifalme. Hekalu la Hazara Rama limechongwa hadithi ya Ramayana kuta nzima, lizunguke taratibu. Mazizi ya tembo yana vyumba 11 vyenye makuba, na ukiyatazama vizuri utaona mikono ya wajenzi waliozoea misikiti. Njiani simama kwa Narasimha, mungu mwenye kichwa cha simba, sanamu ya mwaka 1528 iliyochongwa kwenye jiwe moja, urefu wake mita 6.7. Ilivunjwavunjwa na bado inatisha. Jumba la makumbusho la Kamalapur, mji mdogo wa jirani, lina mfano mkubwa wa Hampi nzima, na hufungwa Ijumaa.

Ni kweli nguzo za Vittala zinaimba?

Zinatoa sauti tofauti zikigongwa. Lakini zimegongwa na wageni kwa miaka mingi mpaka zikaumia, na sasa kuzigonga ni marufuku. Mtu akikunong'oneza kwamba kwa pesa kidogo atakugongea, mkatalie.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Naruhusiwa kuingia hekaluni?

Virupaksha hupokea watu wote. Vua viatu, funika mabega na magoti, usipige picha ndani kabisa mahali pa ibada. Hakuna atakayekulazimisha kushiriki. Ukipewa alama ya rangi usoni na huitaki, weka mkono kifuani na utikise kichwa kwa adabu.

Waislamu huniuliza pia kama ni mahali pa chuki, kwa sababu ya Talikota. Historia si nyepesi kiasi hicho. Njia ya kutoka Kamalapur ina msikiti uliojengwa mwaka 1439 na Ahmad Khan, ofisa katika jeshi la mfalme wa Kihindu Devaraya wa Pili. Wafalme hao walitegemea farasi walioletwa kwa bahari kutoka Uarabuni na Uajemi, na Waislamu walikuwa ndani ya majeshi yao hadi siku ya vita vya mwisho.

## Mawe, mto na barabara

Sijawahi kukwea mawe. Naweza kujaribu?

Unaweza, na hapa ni mahali pazuri pa kuanzia. Kinachofanyika zaidi ni kukwea mawe mafupi bila kamba, huku godoro la kuangukia limetandikwa chini. Upande wa kaskazini kuna watu wanaokodisha magodoro na viatu na kufundisha wanaoanza. Jiwe la Hampi ni kavu na lina makali. Siku ya kwanza vidole vitauma, siku ya tatu vitakuwa vimechubuka. Kwea alfajiri au baada ya saa kumi jioni, jiwe likiwa la baridi na lenye kushika.

Kabla ya kushika, angalia mambo mawili. Kwanza nyufa: nge na nyoka hupumzika humo, usitie mkono usipopaona. Pili, kama mwamba una nguzo, mchongo, sanamu au rangi ya ibada, huo si wa kukwea. Kupanda jengo la kale ni kosa la jinai, na jambo hilo limewaharibia wote jina.

Na kwa asiyetaka kukwea?

Panda vilima kwa miguu. Matanga ndiyo kilele cha eneo la magofu, na kutoka juu unauona mto, mashamba ya migomba na mahekalu yote kwa mpigo. Nenda na wenzako au na mwongozaji, na tochi ya kweli. Kule Anjanadri kuna ngazi karibu 575 zilizojengwa vizuri, nyani wengi, na mahujaji wanaokutia moyo kwa kelele. Nyani wakikuona na ndizi mkononi, ndizi si yako tena.

Ule mtumbwi wa duara ni salama?

Unaitwa harigolu: mianzi iliyosukwa kama ungo mkubwa, chini ikapakwa kitu cheusi kisichopitisha maji. Aina hiyo ya chombo ilielezwa na wageni wa karne ya 16, na ukikaa ndani yake ukizungushwa polepole katikati ya mawe, utaelewa kwa nini hawakuacha kuitaja. Omba koti la kujiokolea kabla ya kupanda. Kama halipo, usipande. Kataa pia mtumbwi uliojazwa watu hadi ukingo.

Naweza kuogelea?

Mtoni, hapana. Tungabhadra ina mikondo chini ya mawe, ina mamba, na maji yanaweza kupanda ghafla bwawa la juu likifunguliwa. Ziwa la Sanapur huonekana tulivu na watu huruka kutoka kwenye miamba, lakini wamekufa watu pale na kwenye mfereji wake. Nasema kama ndugu: watu wa pwani wanaojua kuogelea ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu wanajiamini.

Baiskeli au pikipiki?

Kwa upande wa kusini, baiskeli. Barabara ni fupi na unasimama utakapo. Kaskazini kuna mwinuko na umbali, skuta inafaa, mradi una leseni ya kimataifa na kofia ngumu.

Kuna wanyama wa kutazama?

Hifadhi ya dubu ya Daroji haiko mbali. Nenda alasiri, ukae kwenye mnara wa kutazamia. Dubu weusi wenye manyoya marefu hushuka kulamba asali ambayo walinzi huipaka kwenye miamba. Uwe na darubini.

## Chakula, fedha na lugha

Nitakula nini?

Jirani na hekalu hakuna nyama wala pombe, kwa kuwa ni mji mtakatifu. Usihuzunike. Asubuhi kuna idli (vikeki vya mchele vya mvuke) na dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu), mchana sinia la wali, dengu, mboga na achari, na mkate wa mtama uitwao jolada rotti ambao mla ugali atauelewa haraka. Anayetaka biriani ya nyama, halali, atafute Hosapete. Maji ni ya chupa iliyofungwa.

Nibebe fedha taslimu?

Ndiyo, noti ndogo. Wenyeji hulipa kwa simu kupitia mfumo unaohusishwa na benki za huko, na mgeni wa siku tatu mara nyingi hana. Mashine za fedha zipo Hosapete na Kamalapur, basi toa kabla ya kuingia Hampi.

Sijui Kihindi wala Kikannada.

Kiingereza kidogo kinatosha. Neno "beda", yaani sitaki, litakusaidia sokoni. Na sikiliza vizuri: duka, kitabu, rangi, chai, gari, hesabu, safari. Maneno haya yamo katika Kihindi na Kiurdu kwa umbo lililo karibu sana na letu. Hata rupia si ngeni, kwani ilitumika Zanzibar hadi miaka ya 1930.

## Hali zisizo za kawaida

Mto umejaa na mimi niko ng'ambo. Nifanyeje?

Mashua ya kuvukia husimamishwa maji yakipanda, na hata siku za kawaida huacha kazi jioni. Usimbembeleze mtu akuvushe kwa siri. Zunguka kwa barabara kupitia daraja. Bajaji itagharimu zaidi na kuchukua muda, lakini utafika.

Ni salama kwa mwanamke anayesafiri peke yake?

Mchana, kwenye njia zenye watu, wengi hutembea bila shida. Usiku usikae nje mbali na makazi. Machi 2025 wageni na mwenyeji wao waliokuwa wakitazama nyota kando ya mfereji karibu na Sanapur walishambuliwa, wanawake wawili wakabakwa na mwanamume mmoja akafa maji. Sisemi hili kukutisha usiende. Nasema ili usikubali mwaliko wa usiku mashambani, hata ukitoka kwa mwenyeji mwema.

Hoteli imenikataa kwa sababu ni mgeni. Ni ubaguzi?

Wakati mwingine ni sheria: kila nyumba inayolaza raia wa kigeni lazima iripoti kwa serikali, na isiyosajiliwa haiwezi. Wakati mwingine ni ubaguzi, na sitakudanganya kwamba haupo. Mimi niliwahi kuambiwa chumba kimejaa mahali palipokuwa patupu, na uchungu wake naukumbuka. Weka nafasi mapema, uliza kwa maandishi kama wanapokea pasipoti ya nchi yako, na utunze jibu. Mwanafunzi abebe pia kibali chake cha ukaazi.

Nina mzazi asiyeweza kutembea sana.

Mlete. Kodi bajaji kwa siku nzima. Vittala kuna magari ya umeme yanayobeba watu kutoka kwenye maegesho, na eneo la mazizi ya tembo ni tambarare. Achana na vilima, isipokuwa Hemakuta ambako mteremko si mkali.

Nasikia kuna Wahindi wenye asili ya Afrika Karnataka. Nitawakuta Hampi?

Si Hampi. Wasidi wanaishi magharibi zaidi, kwenye misitu ya Yellapur, Haliyal na Mundgod, upande wa kwenda Goa. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki na kupitishwa Goa enzi za Wareno. Wanazungumza Kikonkani na Kikannada, na mwaka 2020 Shantaram Siddi aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Karnataka, Msidi wa kwanza kufika hapo. Ukisafiri kwa gari kutoka Hubballi kwenda Goa utapita jirani na vijiji vyao. Ukitaka kuwatembelea, tafuta kwanza mtu wa jamii hiyo akukaribishe, uende kama jamaa anayebisha hodi, na kamera ibaki mfukoni mpaka uambiwe.